Injini kubwa kwa gari ndogo: DX ya Changamwe, Starlet ya Kisauni, na namba isiyolingana

Barua za toleo hili karibu zote zimekuja na jambo moja, watu wana gari zao ndogo za zamani wanazipenda na wanataka kuzitilia injini kubwa kidogo. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu sababu majibu yake yatawafaa wengi.

Swali

Salaam aleikum Fundi. Mimi niko Changamwe, nina Toyota DX saluni, ile KE70, ilikuwa ya marehemu babangu nikairithi na siwezi kuiuza hata nipewe pesa gani. Injini ni 4K, ile ya sisi (cc, ukubwa wa injini) 1300. Hapa mjini haina neno, kazini na kurudi, lakini kwao mke wangu ni Wundanyi, juu kwenye milima ya Taita, na kila Disemba tunapanda watu watano na mizigo, na kuanzia Mwatate kwenda juu ni gia ya pili na ya kwanza basi, matatu zinanipita, na mara mbili imechemsha nikakaa kando ya barabara na watoto kungoja ipoe. Fundi mmoja wa Magongo ameniambia nitafute 4A-GE ile ya twinkamu, yani yenye kamshafti mbili, ati gari itaruka. Mwengine anasema 5K yatosha. Wa tatu anasema nifanye oveholi tu. Pesa ninayo ya kufanya kitu kimoja, si vitatu. Nimfuate nani?

Jibu

Waaleikum salaam kaka, na Mungu amrehemu mzee, gari ya baba haiuzwi, hapo tuko pamoja kabisa.

Jibu langu ni 5K. Lakini usitoe pesa bado, soma kwanza, sababu katika maelezo yako kuna kitu kimenishtua kuliko huo udhaifu wa mlimani, nacho ni kuchemsha. 4K iliyo nzima haichemshi kwa kupanda Wundanyi, itapanda polepole lakini haichemshi. Ikichemsha ujue kuna ugonjwa, na ukitia injini kubwa juu ya ugonjwa ule ule umenunua moto mkubwa zaidi.

Fungua kifuniko cha radieta asubuhi injini ikiwa baridi uangalie maji ni rangi gani. Watu wengi hapa Mombasa tunajaza maji ya kisima sababu ya mfereji hayaaminiki, na visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi ile inashika ndani ya vijia vya radieta na ndani ya bloku mpaka maji hayapiti. Kama ni ya kahawia na yana ungaunga basi hapo ndo pa kuanzia, radieta itolewe topu isafishwe ama iwekwe koo mpya, yani ile sehemu ya vijia, na kuanzia siku hiyo utie kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi. Alafu muulize fundi wako kama thamostati iko, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye radieta mpaka injini ipate joto. Naapa katika gari kumi kuukuu zinazokuja mbele yangu nyingi hazina, imetolewa siku gari ilipochemsha mara ya kwanza na ikatupwa, ati sisi ni watu wa joto hatuihitaji. Si kweli. Kwa injini nyingi za Toyota ile thamostati ikifunguka inaziba pia njia ya mkato ya maji, ukiitoa sehemu ya maji ya moto yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye radieta, yani umetoa kitu ili ipoe na umeisaidia ichemke. Na asubuhi injini inachelewa kupata joto lake, inakula petroli na inajisaga. Rudisha thamostati, ya digrii 82 ni sawa kwa hii gari.

Hilo likiisha pima kompresha, yani presha ya kubana ndani ya silinda, kwa geji, silinda zote nne, injini ikiwa moto na kabureta imefunguliwa yote. Silinda zote zikiwa karibu karibu na juu ya 150 psi injini yako bado ina afya. Ukiona 110, ama moja imeanguka mbali na wenzake, basi unapanda mlima na farasi mgonjwa na hujapata hata ile nguvu ambayo Toyota walikupa.

Sasa tuje kwa Wundanyi yenyewe, na hapa nataka unifuate vizuri sababu ndo hesabu iliyonifanya niseme 5K. Sisi Mombasa tuko usawa wa bahari, hewa ni nzito, injini ya kabureta inavuta hewa kamili kuliko mahali popote Kenya. Wundanyi ni kama mita 1,400 juu, na huko hewa ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi. Injini haijui sisi zake, inajua hewa iliyoingia. Kwa hivyo 4K yako ambayo ni sisi 1290, ikifika Wundanyi inavuta kama injini ya sisi 1120 iliyo hapa Changamwe, ndo maana huielewi, si ile gari uliyozoea. Sasa chukua 5K, ni sisi 1486. Toa ile asilimia 13, unabaki na kama 1290. Umeona? Ukiwa na 5K utapata kule juu nguvu ile ile unayoipata leo ukitoka Changamwe kwenda mjini. Si kuruka, lakini watu watano na mizigo watafika kwa gia ya pili na ya tatu, bila kugombana na gari.

Na twinkamu je? Kaka mimi 4A-GE naipenda, ni moja ya injini tamu walizowahi kutengeneza Toyota, ilikuwa kwenye Corolla AE86 ya 1983 hadi 1987 ambayo ni ndugu wa karibu wa hiyo DX yako. Lakini angalia inakuwa na nguvu wapi. Utamu wake wa kuvuta uko juu, karibu mizunguko 5,000 kwa dakika, na nguvu yake yote iko zaidi ya 6,000. Hiyo ni injini ya kijana aliye peke yake barabarani. Wewe una mke, watoto na magunia, unataka mvuto wa chini, injini inayokubali kuburura kwa mizunguko 2,500 bila kulalamika. Sisi zenyewe ni 1587, yani kwa ukubwa haijaipita 5K kwa mbali, kinachoongezeka ni mbio za juu, na mbio za juu pale kwenye kona za kupanda Wundanyi utazipeleka wapi.

Alafu kazi yake. 4A-GE haikamati giaboksi yako, utatafuta giaboksi ya T50, na T50 ikija propela haitoshi tena lazima ikatwe na kubalansiwa, utataka krosmemba, ile chuma ya chini inayobeba injini, ya AE86 ama AE71 ili mauntini (vishikio vya injini) zikae pahala pake, injini inatumia injeksheni kwa hivyo pampu yako ile ya mekanika inayosukuma kidogo tu haifai, unataka pampu ya umeme yenye presha ya kama baa 2.5 na paipu ya kurudisha mafuta kwenye tangi, unataka sanduku la kompyuta na waya zake zote. Na nyingi ya zile zinazopatikana zimetoka kwa Toyota za kuvuta mbele kama AE92, zimetengenezwa zikae kwa upana, ukiigeuza ikae kwa urefu distributa, ile inayogawa moto kwa plagi, inagonga ukuta wa nyuma, njia za maji ziko upande usiofaa na sampu, ile bakuli ya oili ya chini, si yake. Yote yanafanyika, nimeyaona yamefanyika vizuri, lakini ni pesa ya injini tatu na miezi gari iko juu ya mawe. Wewe umesema una pesa ya kitu kimoja.

5K ni mtoto wa nyumba ile ile. Kilichobadilika sana ni upana wa silinda, 4K ni milimita 75 na 5K ni 80.5, lakini mwendo wa pistoni ni ule ule 73. Kwa nje bloku inafanana, inashika giaboksi yako ya sasa na inakaa kwenye mauntini zako, uzito karibu sawa kwa hivyo hata springi za mbele haziguswi. Utaikuta kwenye LiteAce za zamani na pia kwenye forklifti za Toyota, na sisi tulio karibu na bandari tunajua forklifti hazikosekani. Ya forklifti ni nzuri lakini jua kwamba ilikuwa imefungwa gavana ya kuizuia isikimbie, kabureta si yako na sampu si yako. Hata ya LiteAce, ile gari injini inakaa chini ya viti kwa hivyo vitu vya pembeni vimewekwa vyengine. Mpango ni kwamba 4K yako isiende popote mpaka 5K iwake: sampu na bomba lake la kunyonyea oili, vikono vya mauntini, manifoldi, puli, vyote vya 4K vihame. Weka injini mbili sakafuni bega kwa bega uhesabu na kupima mashimo ya flaiwili na klachi kabla haujanyanyua chochote, saa moja ya kupima inakuokolea siku mbili za kulaumiana. Kabureta ya 4K itawasha 5K lakini itaipa petroli kidogo kuliko inavyotaka, itakuwa inawaka kavu na moto, kwa hivyo ama upate ya 5K ama fundi aongeze jeti kisha msome rangi ya plagi, ikiwa nyeupe kama chokaa bado ni kavu, unataka rangi ya kahawa yenye maziwa.

Kununua sasa. Bei siitaji hapa, inabadilika kila meli ikishusha. Lakini hii pwani yetu ina adui ambaye watu wa bara hawamjui sana, unyevu wa chumvi. Injini iliyokaa nje ya duka bila plagi, mashimo wazi, inaingia hewa ya bahari moja kwa moja kwenye silinda. Mimi mwenyewe yalinikuta, nilinunua injini inayong'aa nje imepakwa rangi, plagi hazikuwepo na sikujali, nikafunga ikawaka vizuri, mwezi haujaisha inakunywa oili kama chai. Kufungua, silinda ya tatu ina pete ya kutu pale pistoni ilipokuwa imesimama miezi yote ile. Duka halikunirudishia kitu. Kwa hivyo nenda na spana ya puli ya krenki, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, ikigoma ama ikikwaruza rudi nyumbani. Chomoa plagi, mulika na tochi ndani. Fungua kifuniko cha tapeti uone kama ndani kuna ukoko mweusi. Na wakikubali ipigwe stata hapo hapo mpime kompresha, mwenye injini nzuri hakatai.

Sasa kile kitu ambacho hukuniuliza, na naomba sana usikipite. DX ina zaidi ya miaka 40 na imeishi kando ya bahari. Kabla ya injini yoyote inua zulia, piga bisibisi sakafuni, angalia pale shoki za mbele zinapokamata bodi chini ya boneti, angalia pale krosmemba inapofungwa. Rangi inaficha, bisibisi haifichi. Ukipenya, pesa ya injini igeuke kuwa pesa ya welda, injini itangoja mwakani. Sisemi hivi kukutisha, nasema sababu hiyo gari inabeba watoto.

Na breki vile vile. Leo mteremko wa kutoka Wundanyi unashuka kwa 50 sababu hujiamini, barabara kuu ya Voi unaenda 80. Ukipata injini mpya utajikuta 110 bila kujua. Kutoka 80 hadi 110 unaona ni tofauti ndogo, lakini kazi ya breki inakwenda kwa mraba wa mwendo, 110 inazitaka breki karibu maradufu ya 80. Gari ni ile ile, diski za mbele zile zile nyembamba. Angalau padi mpya za mbele, laining mpya za nyuma, raba za masta silinda, paipu za mpira zote zibadilishwe, na maji ya breki mapya, maana yale ya zamani yameshanyonya unyevu na yakipata moto mteremkoni yanachemka na pedali inazama. Na unaposhuka mlima shuka na gia uliyopandia.

Kwa hivyo fundi wa pili yuko sawa, na wa tatu hayuko mbali. Kompresha yako ikiwa imeanguka, ile 4K ilikuwa ya kufunguliwa tu, na oveholi ya injini iliyochoka na gharama ya kupata 5K nzuri hazipishani sana. Ikiwa kompresha ni nzima fanya radieta, thamostati na breki mwaka huu, panda Disemba uone, inawezekana usitake tena kubadilisha. Niandikie ukirudi.

Swali

Fundi habari, mimi ni dada wa Kisauni nina Starlet EP82 yenye 4E-FE, nafanyia biashara ya kupeleka keki na vyakula Nyali mpaka Mtwapa. Injini imechoka inatoa moshi. Kijana wangu anataka nitie ile ya tabo (turbo) ati inaingia bila shida. Ni kweli?

Jibu

Dada, inaingia ndiyo, bila shida hapana. Ile 4E-FTE ni sisi 1331 sawa na yako lakini imejengwa kwa ajili ya tabo, kompresha yake imeshushwa ikawa 8.2 kwa 1, na inakuja na intakula (kipooza hewa), giaboksi yake, shafti zake na kompyuta yake, na inataka breki za gari yake pia. Hewa ya hapa Mombasa ni moto na tabo inaipasha zaidi, na wewe unasimama kwenye foleni ya daraja la Nyali saa kumi na moja jioni na keki ndani. Siipendekezi kwa gari ya biashara.

Tafuta 5E-FE, ilikuwa kwenye Raum, Corsa na Cynos. Silinda ni milimita 74 sawa na yako, ila pistoni inasafiri milimita 87 badala ya 77.4, ndo unapata sisi 1497, na hayo marefu ya mwendo ndo yanakupa mvuto wa chini, kuondoka kwenye bampu na kubeba mzigo bila kukanyaga sana. Giaboksi yako inabaki. Jambo la kuangalia ni kwamba 5E za baadaye hazina distributa, zinatumia koili, kwa hivyo ama upate ya distributa kama yako, ama ununue na waya na kompyuta yake kabisa, usikubali fundi akwambie tutaunganisha unganisha. Beltu ya timing na pampu ya maji vibadilishwe injini ikiwa bado iko chini, ikishaingia kazi hiyo hiyo inakula nusu siku. Na mwambie kijana asikate tamaa na tabo, akipata gari yake mwenyewe atakuja tuzungumze.

Swali

Nimenunua gari Mtwapa, logibuku inasema sisi 1000 na namba ya injini si ile iliyo kwenye bloku. Aliyeniuzia anasema ni kawaida, injini ilibadilishwa. Nifanyeje?

Jibu

Kubadilisha injini si kosa ndugu, kosa ni kutoandikisha. Logibuku inabeba namba ya injini na sisi, na vikibadilika NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wanatakiwa wajulishwe, maombi yanafanywa kwa akaunti ya mwenye gari kupitia eCitizen na gari inakwenda kukaguliwa. Na hapo ndo shida yako ilipo, utaulizwa injini ilitoka wapi na risiti anayo yule aliyekuuzia. Mrudie leo, si mwezi ujao, umwambie akupe risiti ya injini na mkataba wenu wa mauziano wenye namba zote mbili, ya zamani na ya sasa. Akikataa ama akisema ilipotea na hakumbuki duka, anza kuwaza kama injini ile ilikuwa ya mtu mwengine, na usihamishe umiliki wala usimalize malipo mpaka namba ihakikishwe.

Bima pia waambie kwa maandishi. Wao wanajua gari ni ya sisi 1000 na wewe unaendesha kitu chengine, siku ya ajali mkaguzi atafungua boneti asome namba kama ulivyosoma wewe, na mazungumzo yatabadilika hapo hapo. Chukua picha ya namba iliyo kwenye bloku sasa hivi, isafishe na brashi ya waya polepole usiikwaruze, ukiikwaruza itaonekana kama imefutwa makusudi.